Beji za kitambaa kwenye sanduku la babu

Ndugu yangu wa Tabora, umesema kwenye sanduku la marehemu babu umekuta beji mbili za kitambaa, moja ina kichwa cha kifaru, na hujui ni za kikosi gani. Kwanza kabisa, usizifue wala kuzipiga pasi. Zigeuze nyuma: ukiona vipande vya uzi uliokatwa pembezoni, ujue zilishonwa kwenye sare.

Kichwa cha kifaru kilikuwa alama ya Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyopigana Burma mwaka 1944 chini ya Waingereza, ikiwa na askari wengi wa KAR (King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza Afrika Mashariki). Lakini beji peke yake haithibitishi kitu. Tafuta kitabu chake cha utumishi, maana namba ya askari ina thamani kuliko beji. Waombe shangazi zako picha za zamani, utazame mabega. Dukani kuna taa ya kukagulia noti (ya mwanga wa UV); imulike beji nayo gizani. Uzi uking'aa sana, huenda beji ni ya kisasa.

Beji ya pili ikiwa ya JWTZ (Jeshi la Wananchi wa Tanzania), tafadhali usiivae wala kuiuza. Raia haruhusiwi kuvaa sare za jeshi. Waulize kambi ya karibu.