Trekta yenye loda ya mbele: mahali nilipogonga vitu na ninachofanya sasa

Nianze na nguzo ya mlango wa banda, maana ndo iliyonifanya nibadilike. Nilikuwa nimeingiza trekta bandani, nimemwaga mbolea, sasa narudi rivasi. Nimegeuza shingo, macho yote nyuma, tairi za nyuma zimetoka mlangoni vizuri kabisa na mi nikaona tayari nimeshatoka, nikakata stelingi kulia. Baketi, yaani lile beseni la chuma la kuchotea lililo kwenye mikono ya loda mbele ya trekta, ilikuwa bado iko ndani ya mlango. Kona yake ya kushoto ikaibeba nguzo, nikasikia mbao zinalia, na hadi nafika kwenye breki nguzo ilikuwa imeshavunjika na paa limelala upande mmoja.

Mwendo wenyewe ulikuwa mdogo kuliko wa mtu anayetembea. Hilo ndo nataka ulielewe vizuri, kwamba karibu kila kitu nilichowahi kuharibu na loda nilikiharibu nikiwa polepole kabisa, macho yakiwa upande mmoja na chuma kinasogea upande mwingine.

Ukirudi rivasi huku umekata kulia, mkia unaenda kulia lakini pua inafagia kwenda kushoto, na ukiwa na loda hiyo pua ni ndefu sana kwa sababu baketi imetangulia mbele ya tairi za mbele na mara nyingi ni pana kuliko hizo tairi. Kwa hiyo sasa natoka moja kwa moja, stelingi imenyooka, mpaka baketi yenyewe iwe nje ya mlango, ndo nakata kona. Na ukiwa unaenda mbele mambo yanageuka: kama nyuma umefunga jembe au mashine yoyote na umesimama karibu na ukuta, ukikata kona kuukwepa ukuta ile ya nyuma ndo inauendea ukuta. Usinielewe vibaya, kuangalia nyuma lazima uangalie, ila usikae na nyuma tu, geuza kichwa mbele, nyuma, mbele, nyuma, kila mara.

Kitu kingine ni kwamba ukiwa kwenye kiti huoni makali ya baketi, boneti na mikono ya loda vinaziba. Mi nilichomelea fimbo mbili za chuma nyembamba kwenye kona za baketi, zimesimama, nikazipaka rangi nyekundu, sasa najua kona iko wapi hata sijashuka. Pia nimeweka alama ya rangi inayonionyesha baketi imelala sawa na ardhi, kwa sababu ukikadiria kwa macho tu unachimba sakafu au unang'oa kitu kilichofukiwa. Ni kazi ya saa moja tu, na sijui kwanini nilichelewa miaka yote hiyo.

Forki za peleti, yaani vile vyuma virefu kama uma unavyofunga mbele kubebea mizigo, nazo zina hatari zake. Zikiwa ndefu kuliko mzigo ncha zinatokea upande wa pili, na we unaona mzigo tu. Niliwahi kutoboa tangi la maji la plastiki lililokuwa nyuma ya peleti, maji yote yakaenda, nimekaa pale juu naangalia tu sina la kufanya. Siku hizi nikiwa na forki nashuka, nazunguka, naangalia nyuma ya mzigo kuna nini, alafu napanda tena. Inachosha, lakini nashuka.

Jostiki sasa, yaani ile fimbo ya mkono ya kuongozea loda. Loda nyingi ukisukuma jostiki mbele kupita pale inapokaza, inaingia kwenye hali ya kuelea, yaani haidroliki (mafuta ya presha yanayoinua loda) haishiki tena mikono ya loda na baketi inadondoka kwa uzito wake. Ukitaka kushusha kidogo tu ukasukuma kwa nguvu, unaangusha kila kitu. Alafu usiendeshe kwenye mashimo mkono umeushikilia jostiki, trekta ikiruka mwili unaruka na mkono unaenda nao. Na mahali pa kubana punguza mzunguko wa injini, maana pampu ya haidroliki inafuata injini, ukikanyaga mafuta mengi mikono ya loda inapanda na kushuka haraka kuliko unavyowaza.

Wakati wa kutembea baketi ibaki chini, iachie nafasi ya kupita juu ya mawe tu. Ikiwa juu na ina mzigo trekta inakuwa nyepesi kupinduka kwenye kona au mteremko, na hapo juu kuna matawi, kenchi za paa na nyaya za umeme, na nyaya mi sitaki hata kuzikaribia, nikiziona natafuta njia nyingine. Pia kama loda yako haijisawazishi yenyewe, ukiinua mikono bila kurekebisha baketi inalala kinyumenyume kuja kwako, na mzigo unaweza kuteremka na mikono ya loda mpaka kwenye kiti. Robota la duara la nyasi likikushukia hivyo linaua. Si maneno ya kutishana.

Uzito wa nyuma watu wanauchukulia poa sana. Nilibeba mchanga mbichi bila kitu nyuma, nikakata kona, tairi moja ya nyuma ikanyanyuka. Nikashusha baketi haraka ikatua, lakini mikono yangu ilitetemeka muda mrefu. Na kumbuka trekta nyingi breki ziko tairi za nyuma, hivyo nyuma kukiwa kwepesi kwenye mteremko breki unakanyaga ila tairi zinateleza tu. Funga uzito nyuma kabla ya kuanza kazi, unganisha pedali mbili za breki (moja ni ya tairi la kulia, nyingine la kushoto) zikanyagike pamoja, ingiza foo wili, gia nzito, na mkanda ufunge ikiwa trekta ina fremu ya kukulinda ikipinduka.

Ukimaliza usiiache baketi hewani hata kama unaenda kunywa maji tu. Ishushe mpaka iguse ardhi, vuta hendibreki, zima injini, alafu chezesha jostiki kila upande kutoa presha kwenye hosi. Mi huwa nailaza makali yakitazama chini kabisa, maana jioni watoto hupita hapo wakikimbia.