Maswali Yenu: Kulala Mlima San Jacinto Bila Wapagazi

*Tuko sita, tunaishi San Diego, na watatu kati yetu tulishapanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu. Mwezi wa sita tunataka kupanda San Jacinto, mlima ulio juu ya mji wa Palm Springs, California, na kulala usiku mmoja. Kiongozi na wapagazi tunawapata wapi, na kibali kinatolewa na nani?*

Wapagazi sahauni. Kilimanjaro sheria haikuachii upande bila kiongozi. San Jacinto hakuna anayekuuliza. Ndiyo maana hakuna pia wa kuwaambia “geuzeni” mmoja wenu akianza kutapika. Kila mtu atabeba chake, na begi likizidi kilo 14 kwa usiku mmoja, lifungueni upya.

Gari la nyaya la Palm Springs linawachukua mita 806 na kuwashusha mita 2,596 kwa dakika kumi hivi. Hapo mko karibu na kimo cha Mandara, kambi ya kwanza ya njia ya Marangu, ila bila ile siku ya kutembea msituni iliyouzoesha mwili. Kwa hiyo siku ya kwanza msikimbilie kilele. Shukeni hadi kituo cha askari wa hifadhi cha Long Valley, kisha tembeeni kilomita tatu na nusu hivi hadi kambi ya Round Valley, mita 2,770, mpige hema mapema. Pole pole ile ile ya Marangu. Asubuhi acheni mizigo kambini, mpande hadi Wellman Divide, tandiko la mlima lililo njiani, halafu kilele, mita 3,302. Karibu na kilele kuna kibanda cha mawe cha miaka ya 1930. Hicho ni cha dharura, msikiwekee mpango wa kulala. Kutoka hapo hakuna njia ya maana, ni kurukia majabali tu, basi fimbo zifungeni kwenye begi ili mikono iwe huru.

Kuhusu vibali watu huchanganya kwa sababu mlima una wenyewe wawili. Sehemu ya juu ni hifadhi ya jimbo la California. Pori linaloizunguka liko chini ya Huduma ya Misitu ya Marekani. Kibali cha kulala unakiomba kwa mwenye ardhi utakayolalia. Round Valley ni ya jimbo, na ofisi yake iko katika mji mdogo wa Idyllwild. Ombeni mapema, msitegemee kukipata mlimani siku hiyo hiyo. Cha kwenda na kurudi siku moja ni bure, mnakijaza pale Long Valley. Upande wa jimbo, porini hulali popote upendapo, ni kwenye kambi zilizotengwa tu: Round Valley, Tamarack Valley, Little Round Valley na Strawberry Junction. Hiyo ya mwisho haina maji. Moto wa kuni ni marufuku.

Jambo moja ambalo watu hulisahau: njia ya saruji mliyoshuka kwa furaha kutoka kituo cha juu, mtaipanda jioni ya pili mkiwa hoi. Bakizeni maji na nusu saa kwa ajili yake, na mjue gari la mwisho linashuka saa ngapi. Na kila mwaka, kwa kawaida Septemba, magari hayo husimama kwa matengenezo.

*Mwezi wa tano tulilala Round Valley. Maji yalitokota vizuri lakini wali ukabaki na kiini kigumu, na asubuhi jiko la gesi likawaka kama kibatari, ilhali mtungi ukiutikisa unasikia gesi imo. Tumekosea wapi?*

Hayo ni makosa mawili tofauti. Kwenye kimo kile maji hutokota yakiwa na nyuzi 91 hivi, si 100, na ukiongeza moto hayapandi zaidi. Unachoma gesi bure. Mchele mkavu utahitaji muda mrefu zaidi, na maharage makavu usijaribu kabisa. Ugali unawezekana kwa sembe laini, dona itakuchosha. Ushauri wetu: chapati zilizopikwa nyumbani, maharage ya kopo, tambi nyembamba, uji asubuhi.

Jiko je? Gesi ya butani hukoma kugeuka mvuke kwenye nusu nyuzi chini ya sifuri. Inabaki kimiminika ndani ya mtungi, ndiyo hiyo mliyoisikia. Nunueni mtungi wa mchanganyiko wa isobutani na propani. Hata huo una hila yake: propani hutangulia kuisha, hivyo mtungi wa nusu ni dhaifu kuliko mpya kwenye baridi, na unapowaka unazidi kujipoza wenyewe. Usiku uvike soksi, ulale nao ndani ya mfuko wa kulalia. Asubuhi usimamishe kwenye bakuli la maji vuguvugu yenye kina cha kidole kimoja. Yasiwe ya moto. Wala msizungushie bati la kukinga upepo likaufunga mtungi pamoja na jiko, utapata joto ulipuke. Ndani ya hema msipike: gesi ya kaboni monoksidi haina harufu.

Kichujio cha maji nacho kilale na mwenyewe. Kikishatumika, maji yanabaki kwenye nyuzi zake. Yakiganda yanazipasua, na kwa macho huoni kitu. Kichujio kilichoganda tupeni.

*Tunaweza kwenda na mbwa?*

Pori la jimbo, hapana, hata akiwa na kamba. Pori la Huduma ya Misitu anaruhusiwa akiwa amefungwa kamba, lakini njia zote za kilele zinaingia kwa jimbo.

*Mwezi wa nne nimeambiwa bado kuna theluji. Zile raba zenye meno za kuvalisha viatu zinatosha?*

Zinatosha kwenye njia iliyokanyagwa, bondeni, kama Long Valley hadi Round Valley. Meno yake ni ya sentimita moja hivi. Juu ya Wellman Divide theluji hufunika njia na kuacha mteremko mtupu. Asubuhi umeganda kama kioo na meno hayo yanakwaruza tu. Hapo panataka kramponi kamili (meno marefu ya chuma ya kufunga viatuni), viatu vigumu, na shoka la barafu mkononi. Shoka si pambo: kama hujafundishwa kujisimamisha nalo unapoteleza, ishia Round Valley.

*Na kupanda kwa miguu kutoka Palm Springs penyewe?*

Ni kilomita 16 hivi za jangwa na miamba hadi Long Valley, kupanda mita 2,400, bila tone la maji. Beba lita tano au sita. Oktoba na Novemba ndiyo miezi yake, kabla ya barafu na baada ya joto. Anza usiku, na uamue kugeuka mapema: anayegeuka saa nne asubuhi anashuka kuingia ndani ya joto, na huko ndiko watu wamefia.