Maswali Yenu: Mlangilangi kwenye batiki, safari kwenye uzi

Nimerudi kutoka Pemba na picha za mlangilangi. Nikiuchora kwa nta unatoka kama ua lolote lile, na buluu niliyoitaka nyuma yake inageuka kijani. Nakosea wapi? – Msomaji, Tanga

Picha iweke kando kwanza. Chora ua kwa penseli dakika tano, kwa kumbukumbu tu. Kitakachojitokeza ndicho kilichokugusa. Huenda ni zile petali sita nyembamba zinazoning'inia na kujisokota. Kisha fungua picha usahihishe idadi na maungio, basi. Ua changa la mlangilangi ni kijani, likipevuka ndipo linapiga manjano. Yaweke yote mawili kwenye tawi moja, na mtu wa Pemba atalitambua bila kuambiwa.

Kijani kinatokana na mpangilio: inaelekea ulichovya kitambaa kizima kwenye manjano kwanza. Rangi za batiki hazifunikani kama za ukutani, huchanganyika. Zungushia kila petali mstari wa nta, paka manjano kwa brashi ndani ya mstari (rangi iliyokwisha kutiwa soda ya magadi, yaani soda ash), funika kwa nailoni usiku kucha isikauke, suuza, anika, kisha ziba petali zote kwa nta. Ndipo uchovye kwenye buluu.

Kwa mita moja ya pamba tupu, kama gramu 150, iliyofuliwa ikatoka wanga wote: maji lita 3, rangi ya kitambaa itumikayo kwa maji baridi gramu 5, chumvi gramu 150, soda ya magadi gramu 30. Magadi ya kupikia hayafai, ukali wake hautabiriki. Koroga rangi na chumvi, loweka dakika 20, toa kitambaa, mimina soda iliyoyeyushwa pembeni, rudisha kwa saa moja. Ukimwagia soda juu ya kitambaa utapata mabaka. Maji yakiwa ya moto, nta italegea na kuachia.

Nta changanya nusu ya nyuki, nusu ya mshumaa. Ya mshumaa peke yake hupasukapasuka. Iyeyushe kwenye sufuria ndogo iliyowekwa ndani ya sufuria ya maji. Ikiganda nyeupe juu ya kitambaa, haikupata moto wa kutosha, na rangi itapenya chini yake. Ikikolea, kitambaa hupitisha mwanga kama karatasi iliyofungiwa maandazi. Ikishika moto, funika kwa mfuniko. Usimwagie maji kamwe.

Nilikuwa Usambara, nimepiga picha mamia. Sijui nidarizi nini. – Msomaji, Nairobi

Kitu kimoja tu. Usambara ndiko kwao lile ua dogo la zambarau liitwalo Saintpaulia, kwa jina la Mjerumani Walter von Saint Paul-Illaire aliyelituma Ujerumani mwaka 1892. Petali mbili za juu ni ndogo, tatu za chini kubwa. Katikati weka mafundo mawili ya uzi wa manjano. Uzi wa kudarizi una nyuzi sita ndani yake; tumia mbili tu, la sivyo ua litakuwa donge. Rangi ya kwenye simu usiiamini: zungushia nyuzi kwenye kadi ya sentimita 10, kila rangi kwa upana unaoukumbuka, uitazame mchana karibu na dirisha. Kivuli cha miamba ua hilo linakoota kinastahili nafasi kubwa kuliko zambarau.

Nina kanga ya marehemu mama, imechakaa. Nataka kuitundika pamoja na asumini alizokuwa akifungia vikuba, vile vishada vya kunukia. Nimeambiwa niiloweke chumvi isichuje. – Msomaji, Mombasa

Pole sana. Chumvi haizuii kuchuja, wala siki. Bonyeza kitambaa cheupe chenye maji kwenye pindo kwa dakika moja. Kikitoka na rangi, kanga usiiloweshe kabisa.

Usiikate, hasa penye jina. Tafuta marekani iliyoizidi kanga sentimita 10 kila upande, uifue mara mbili kwa maji ya moto na kuipiga pasi. Usipoifua, siku itakapofuliwa itarudi na kuikunja kanga. Piga bandi, mishono mirefu ya kushikiza, kutoka katikati ya mji kwenda pindoni, mistari ikiachana sentimita 8. Asumini zidarizi kwenye marekani iliyobaki pembeni, si juu ya kanga: pamba iliyochakaa huchanika kwenye tundu za sindano. Itundike ukuta usiopigwa na jua.