Kabla ya Kutafuta Kazi ya Kuongoza Watalii

Vijana wengi wa Mwanza wanaoniomba ushauri kuhusu ajira za utalii hutaka kujua watakuwaje waongoza watalii. Nami nilianza na ndoto hiyohiyo, nikazunguka na bahasha ya vyeti miezi kadhaa bila mafanikio, hadi nilipoanza kupeleka sato katika hoteli moja ya mjini, ndipo nikaelewa kwamba ajira nyingi za sekta hii ziko mahali ambapo mgeni hafiki.

Mgeni aliyetoka kutembelea Kisiwa cha Saanane, au anayeelekea Serengeti kupitia lango la Ndabaka, lazima ale na alale. Sato anayewekwa mezani kwake amepita kwa mvuvi, kwa msukuma mkokoteni wa mwaloni Kirumba, kwa muuza barafu, kwa mama anayeparua magamba na kwa bodaboda, na wote hao wamepata riziki kwa mgeni wasiyemjua. Baraza la Dunia la Usafiri na Utalii, linapokadiria kwamba mwaka 2019 utalii ulibeba takriban ajira 1 kati ya kila 10 duniani, huwahesabu na watu wa namna hii.

Ila hoteli haina mchezo. Siku yangu ya pili mpishi alifunua shavu la samaki kwa kidole gumba, akaona matamvua yamepauka, akanirudishia boksi zima bila kusema neno. Tangu hapo nanunua barafu kwanza, samaki baadaye.

Kosa langu kubwa lilikuwa kupeana mzigo kwa maneno matupu. Mwaka 2020 watalii wa kimataifa walioingia Tanzania walishuka hadi takriban 620,000, kutoka zaidi ya milioni 1.5 mwaka uliotangulia. Hoteli ile ikafunga jiko huku ikidaiwa nami mzigo wa wiki sita, nami sikuwa na hata karatasi moja iliyotiwa saini. Nilinusurika kwa sababu ya mama lishe watatu ambao, nashukuru, sikuwa nimewadharau nilipopata mteja mkubwa. Hivyo andikianeni, tena hoteli isichukue zaidi ya nusu ya mzigo wako.

Kwa anayetaka kuanza, aende alfajiri kwenye mlango wa nyuma wa hoteli yoyote, asimame kando, atazame ni nani wanaoingia na wamebeba nini.