Jibu kwa mwenye tanuri Malindi: usiuze huo unga!

Umeuliza kama mfumo wa Toyota wa kutoweka akiba stoo unafaa kampuni ndogo kama tanuri lako la mikate, na umesema umeshapata mnunuzi wa unga uliozidi. Nilipofika pale uliposema mshauri amekuambia ubakishe unga na hamira ya siku tatu tu, kwa sababu "stoo ni pesa iliyolala", niliweka chai chini. Maneno hayohayo niliambiwa mimi. Pengine na mtu huyohuyo.

Nina karakana ya fanicha Lamu: milango ya nakshi, vitanda, makasha. Mwaka 2023 nililipa shilingi 45,000 kwa mafunzo ya siku mbili hotelini. Mandazi yalikuwa mazuri, hilo simnyimi mwalimu wetu. Akatueleza habari za Toyota na mhandisi wao Taiichi Ohno, baba wa mfumo huo wa kuleta vifaa pale tu vinapohitajika, na kwamba Wajapani wana aina 7 za upotevu, nao upotevu wanauita "muda". Ukumbi mzima tukacheka. Muda! Ningejua, ningelia.

Akaja karakanani, akaona mbao zangu za mbambakofi na mvule zimepangwa uani juu ya vijiti. Akauliza zina muda gani pale. Nyingine miezi 14, nikamjibu. Akaandika kwenye daftari: upotevu. Bwana wee, zile mbao hazikuwa zimelala, zilikuwa zinakauka! Ubao wa inchi mbili ukiuachia upepo unataka mwaka na zaidi, sembuse kwa unyevu huu wetu wa pwani. Marehemu baba alinifundisha hilo kabla sijajua kushika patasi, nami nikamwachia mtu wa tai na projekta anifutie. Sina wa kumlaumu. Haya, ninaye, ila hapokei simu.

Nikaziuza, 380,000. Nikapunguza deni la benki, nikajiona meneja. Tangu hapo mbao, bawaba, vanishi na msasa vikawa vinakuja kutoka Mombasa kila wiki, kiasi cha kazi ya wiki hiyo. Miezi mitatu mambo yakaenda vizuri, wallahi, nikawa namsifia barazani.

Oktoba nikapata kazi ya nyumba ya wageni Shela: milango sita na vitanda vinane, viwe tayari kabla ya Krismasi. Novemba zikashuka mvua za El Nino, Mto Tana ukafurika, barabara ya Garsen ikakatika. Lori langu likabaki ng'ambo. Na hata lori likifika Mokowe, gatini upande wa bara, safari haijaisha, kuna kupakua, kungoja mashua, kisha hamali na punda. Siku 11 mafundi sita walicheza bao kwa mshahara wangu. Mbao zilipofika zilikuwa mbichi, na mwenye nyumba ananipigia kila asubuhi. Nikazichonga hivyohivyo.

Januari, kaskazi ilipokolea, milango minne ikapinda. Mmoja ukapasuka katikati ya nakshi, kazi ya wiki tatu ya fundi wangu mkubwa. Ikabidi niitengeneze upya kwa pesa zangu, na mbao kavu nikazipata kwa jirani kwa bei karibu mara mbili. Nilipozigeuza nikaona alama zangu za chaki. Ndiyo, ndiye niliyemuuzia.

Cheti cha mafunzo nimekitilia fremu ya mbao za ule mlango uliopasuka. Kimekaa upande.

Baadaye nikasoma mwenyewe. Februari 1997 kiwanda kilichokuwa kikiwatengenezea Toyota vali za breki kiliungua, na viwanda vyao vya Japani karibu vyote vikasimama siku kadhaa. Na hao wauzaji wao wengi ni majirani, wako mkoa wa Aichi palepale, hawangoji maji yajae! Baada ya tetemeko la 2011 Toyota wenyewe waliwataka wauzaji wa chipu za kielektroniki za magari waweke akiba ya miezi miwili hadi sita, ndiyo maana chipu zilipoadimika mwanzoni mwa 2021 walistahimili kuliko wengi. Mwalimu wetu hakufika ukurasa huo.

Kwa hiyo mimi nina kanuni moja tu: akiba ihesabu kwa safari mbaya kuliko zote ulizowahi kuona, usiihesabu kwa safari ya kawaida. Fungua daftari lako, tafuta ile wiki lori la unga lilipochelewa kupita kiasi. Siku ngapi? Ongeza kidogo, na chini ya hapo usishuke hata Ohno afufuke aje Malindi. Najua unga si mbambakofi, ukikaa sana unaingia fukusi. Sikuambii uweke wa mwaka. Lakini siku tatu?

Kama mfumo wenyewe unafaa kampuni ndogo? Unafaa, ukianzia sakafuni. Niliisogeza mashine ya randa karibu na msumeno, mafundi wakaacha kuvuka ua kutwa, na kila patasi ina mchoro wake ukutani. Hayo hayakunila hata 2,000, na sijayaacha.

Uliuliza na mengine, sijui programu ya kompyuta, sijui wafanyakazi. Watakujibu wengine. Wewe niambie, huyo mnunuzi wa unga ameshalipa? Kama bado, mpigie usiku huu.