Kabla hujamwambia mgeni kwamba volkano imelala

Wadogo zangu mnaoanza kuwatafsiria wageni hapa Goma, swali la mlima halitachelewa. Mgeni atashuka garini, atatazama kaskazini, ataona Nyiragongo imejifunika wingu bila hata moshi, kisha atauliza: je, ni dormant? Wengi hujibu ndiyo, maana mlima umenyamaza. Jibu ni hapana.

Neno hilo la Kiingereza halihusu mlima unavyoonekana asubuhi ya leo. Huitwa hivyo volkano iliyokaa muda mrefu sana bila kulipuka, pengine mamia au maelfu ya miaka, ila bado inaweza kuamka. Nyiragongo ililipuka Januari 1977. Januari 2002 lava ilipita katikati ya mji hadi ikaingia ziwani. Tarehe 22 Mei 2021 ilishuka tena, ikasimama Buhene, pembezoni mwa mji. Na kati ya 2002 na 2021 haikuwa usingizini: ziwa la lava lilichemka ndani ya shimo lake, watalii wakipanda kulala huko juu ili walitazame usiku. Volkano ya namna hiyo ni active, yaani ingali hai. Ikiwa kimya, mwambie mgeni ni active but quiet, naye ataelewa. Msione ni madoido ya lugha. Mkuu wa shirika akiandika dormant kwenye ripoti kwa sababu yenu, anayeisoma mbali huko atajiuliza mpango wa kuhamisha watu ni wa nini.

Nyamulagira, volkano jirani yake, wala haihitaji maelezo, ni active moja kwa moja. Kazi ipo kwenye milima mingine ya Virunga. Mikeno wengi huiita extinct, yaani imekufa, haitarajiwi kurudi. Karisimbi imekaa takribani miaka 10,000 bila kulipuka, kwa hiyo hapo dormant inakaa vizuri. Visoke ndiyo inayotatiza. Mgeni anaiona na misitu yake anadhani imekufa zamani, kumbe mwaka 1957 moto ulitoka Mugogo, kilomita kama 11 kutoka kileleni. Wataalamu wenyewe hawajakubaliana ni miaka mingapi inayotenganisha majina haya, basi mgeni akibisha, mtajieni mwaka wa mlipuko wa mwisho, aamue mwenyewe.

Sisi tuliosoma kwa Kifaransa tuna mtego wetu. Kwa kuwa tunajua dormir, yaani kulala, tunadhani neno tumeshalimeza. Lakini mtoto aliyelala kitandani kwa Kiingereza ni asleep. Ukisema ni dormant watu watacheka. Wala pikipiki inayonguruma pale pale, ile ambayo motari, dereva wake, husema iko ralanti, si dormant, ni idle. Kwenye benki hamtapata shida: compte dormant ni dormant account, akaunti ambayo mwenyewe hajaigusa kwa muda mrefu. Mfafanulieni mteja kwamba haijafungwa, kwa sababu akisikia imelala anaweza kudhani pesa zimeliwa.

Halafu zoeeni vitenzi vinavyotembea nalo. Waingereza hupenda lie dormant na remain dormant. Mbegu inaweza lie dormant ardhini kiangazi chote, mvua ikinyesha ikachipuka. Hata ugomvi wa shamba kati ya koo mbili unaweza remain dormant, na kwa wanaotafsiri mikutano ya vijijini huo ndio utumizi mtakaokutana nao sana.

Hospitalini nendeni polepole zaidi. Mgonjwa akisema, «malaria yangu ilikuwa imelala, sasa imeamka», msikimbilie dormant malaria. Kuna aina za malaria, kama vivax, ambazo kweli hujificha kwenye ini na kurudi baadaye, lakini falciparum, inayotawala kwetu Kongo, haina tabia hiyo. Daktari mgeni akisikia dormant anaweza kufikiria vivax, wakati mgonjwa alitaka kusema tu kwamba homa imerudi. Tafsirini hilo: homa imerudi, tangu siku gani, dawa gani alikunywa. Mkanda wa jeshi ni kinyume chake. Virusi vyake ni vya tetekuwanga, hukaa dormant kwenye neva kwa miaka mingi, na hapo neno ni lake kabisa. Kifua kikuu ambacho hakijajitokeza waganga hukiita latent. Daktari akitamka hilo, bakini nalo, msimbadilishie.