Kuitembelea Ngome ya Hever Bila Haraka

Mwezi Juni, mama alipokuja kututembelea London kutoka Mombasa, nilimpeleka Hever, ngome iliyo katikati ya mashamba ya Kent, kusini-mashariki mwa Uingereza. Nilikuwa nimekwishafika huko mara mbili, na mara zote mbili nilirudi nimeona mengi na kuelewa machache. Safari hii ya kutembea kwa mwendo wa mama ndiyo iliyonionyesha namna ya kupatazama mahali pale.

La kwanza ni kufahamu kwamba unayoyaona hayakujengwa wakati mmoja. Lango la mawe, kuta na handaki la maji linalozizunguka ni vya Zama za Kati; ukoo wa Boleyn uliinunua ngome mwaka 1462 na kuifanya makazi ya familia; na bustani, ambayo wageni wengi huidhania kuwa ya kale sawa na kuta, ilitengenezwa kati ya mwaka 1904 na 1908 kwa fedha za William Waldorf Astor, tajiri mzaliwa wa Marekani aliyeinunua ngome hiyo mwaka 1903. Asiyeyajua haya huziona sanamu za marumaru bustanini na kuamini kwamba Anne Boleyn, binti wa ukoo ule ulioishi hapo, alicheza kati yake utotoni. Vilevile aliyezoea Fort Jesus asitarajie mizinga na maboma mapana, kwa kuwa Hever ni nyumba ya watu iliyojikinga kwa maji na mawe, na vyumba vyake ni vidogo.

Udogo huo ndio sababu ya kuwaomba wenye wazazi watu wazima waende siku isiyo ya mapumziko. Ngazi ni nyembamba na zinapinda, na mtu anayeumwa magoti hawezi kuzipanda kwa utulivu huku nyuma yake kuna msururu wa watu wanaosubiri. Sisi tulipanda polepole, tukipumzika, hadi kwenye vitabu vya sala vya Anne. Katika kimoja, kilichochapishwa mwaka 1527, aliandika kwa mkono wake akimwomba msomaji amkumbuke anaposali. Nilimfasiria mama maneno hayo, kisha nikamweleza kwamba mwandishi wake alikuja kuwa malkia wa Henry VIII, mfalme wa Uingereza, na akakatwa kichwa tarehe 19 Mei 1536. Mama alisimama pale muda mrefu bila kusema neno. Ukiwa na nafasi ya kutulia mahali pamoja tu ndani ya ngome, tulia hapo.

Bustani inataka nusu ya siku, wala si saa moja ya kumalizia kama nilivyofanya zamani. Anzia sehemu ya Kiitaliano, ambayo Astor aliikusudia kuwa mahali pa kuwekea sanamu zake za kale. Ukuta wa upande mmoja unapigwa na jua, na mimea imepandwa kati ya mawe ya Kirumi; upande wa pili ni kivuli kitupu, ambapo maji hudondoka juu ya makangaga katika vijipango vyenye ubaridi, na siku ya joto hutatamani kuondoka. Mwishoni unakutana na ziwa la ekari 38. Ziwa hilo lilichimbwa na watu 800 kwa miaka miwili, na mimi siwezi kulitazama bila kuifikiria mikono ile. Kwa waridi, ambayo ni zaidi ya 4,000, nenda mwishoni mwa Juni; anayependa tulipu aende Aprili.

Kuhusu usafiri, kutoka kituo cha treni cha Hever hadi ngomeni ni mwendo wa takriban maili moja, na njia ya miguu hupita mashambani. Mvua ikinyesha njia hiyo huwa tope, kwa hiyo viatu vya kufunga ni vya lazima. Kwa mzazi asiyeweza kutembea masafa hayo, panga teksi mapema, kwa sababu kituo ni kidogo na mimi sijapata kukuta gari linalosubiri abiria. Angalia pia saa za kufunguliwa kwa bustani na za ngome yenyewe, maana huenda zikatofautiana, na uifahamu ratiba ya treni ya kurudi kabla hujaingia langoni, ili usije ukaikatisha njiani ile nusu ya siku ya bustanini.